Tom Mboya: Mwana wa Kilima Mbogo aliyewakodia wanafunzi ndege

JINA la Thomas Joseph Mboya hutajwa sana pamoja na vyama vya wafanyakazi, kupigania uhuru wa Kenya, na risasi zilizomuua jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Hata hivyo, miongoni mwa mengi aliyoyatenda katika maisha yake mafupi, huenda hakuna lililobadilisha hali ya jamaa nyingi nchini kama hesabu moja aliyoipiga kuhusu nauli ya ndege.

Hesabu yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza, japo ilikuwa ngumu kuitekeleza. Kijana mmoja aliyekwenda peke yake kununua tiketi ya kumfikisha Marekani alishindwa na bei. Vijana 80 wakikusanywa pamoja na kukodiwa ndege nzima, gharama iligawanywa, na lililokuwa ndoto likawa jambo la kutafutiwa wafadhili.

Mboya alizaliwa Agosti 15, 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika, chini ya mlima unaojulikana pia kama Ol Donyo Sabuk, ambao leo umo katika Kaunti ya Machakos. Shamba hilo lilikuwa mali ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1925 na kuzikwa kwenye mlima huo huo.

Wazazi wake, Leonardus Ndiege na Marcella Onyango, walikuwa wenyeji wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba yake alikuwa mnyapara katika shamba hilo, na mshahara wake ulikuwa mdogo. Watoto wa wafanyakazi walitoka katika makabila mbalimbali, na Mboya alikua akisikia lugha kadhaa kila siku. Kikamba kilikuwa miongoni mwa lugha alizozimudu vyema, na baadaye kilimfaa sana alipokuwa akihutubia wafanyakazi na wapiga kura.

Akiwa na umri wa miaka tisa hivi, alipelekwa katika shule ya misheni ya Kabaa, wilayani Machakos, iliyoendeshwa na mapadri Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu. Kabaa ilikuwa na sifa yake. Hapo ndipo ilipoanzia, mwaka wa 1925, shule ya sekondari ambayo mwaka wa 1940 ilihamishiwa Mang'u na kuwa mojawapo ya shule mashuhuri zaidi nchini.

Kutoka Kabaa, Mboya alijiunga na shule ya St Mary's, Yala, katika Nyanza, kisha akaingia Mang'u. Huko ndiko alikokutana na ukuta ambao angekumbana nao maisha yake yote, ingawa baadaye aliukabili kwa niaba ya wengine. Fedha ziliisha. Baba yake alikuwa na watoto wengine wa kusomesha, na Mboya akalazimika kuacha shule bila kuendelea hadi alikotamani kufika.

Mnamo 1948 alijiunga na chuo cha Jeanes, Kabete, kusomea kazi ya ukaguzi wa afya, kwa sababu mafunzo hayo hayakumdai karo ambayo hakuwa nayo. Alihitimu na kuajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi mwaka wa 1951.

Kutoka afya hadi vyama

Katika kazi hiyo aligundua kwamba mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi ile ile. Hakununa pembeni. Aliwaunganisha wafanyakazi wenzake, akaunda chama chao, na kufikia 1953 alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Wakati huo Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku na viongozi wengi walikuwa kizuizini. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa mojawapo ya milango michache iliyosalia wazi, na Mboya, akiwa na umri wa miaka 20 na ushei, alikuwa amesimama mlangoni.

Mgomo wa makuli wa bandari ya Mombasa wa Machi 1955 ulimpa jina. Aliingia kati, akashiriki mashauriano na waajiri, na wafanyakazi wakapata nyongeza ya mshahara. Funzo alilolipata huko lilikuwa lile lile la vyama vyote duniani: mtu mmoja akiomba hupuuzwa, lakini elfu wakiomba kwa sauti moja husikizwa. Wahenga walikwisha kusema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Baadaye mwaka huo alikwenda kusoma katika chuo cha Ruskin, Oxford, nchini Uingereza. Masomo yalipomalizika mwaka wa 1956 alizuru Marekani kwa mara ya kwanza, kwa mwaliko wa kamati ya Wamarekani waliounga mkono uhuru wa Afrika. Katika ziara hiyo alikutana na William Scheinman, mfanyabiashara kijana wa vipuri vya ndege, nao wakawa marafiki wa kufa kuzikana.

Katika mazungumzo yao walirejea jambo moja mara kwa mara. Uhuru wa Kenya ulikuwa ukikaribia, lakini nchi haikuwa na Waafrika wa kutosha wenye shahada za kuendesha wizara, hospitali, shule na mahakama. Chuo cha pekee katika Afrika Mashariki kilichotoa shahada kilikuwa Makerere, Uganda, na nafasi zake kwa Wakenya zilikuwa chache mno. Chuo cha Kiufundi cha Royal mjini Nairobi kilikuwa ndio kwanza kimefunguliwa.

Marekani ilikuwa na vyuo vingi, vikubwa kwa vidogo, na vingi vilikuwa tayari kumpokea mwanafunzi Mwafrika na hata kumsamehe karo yote au sehemu yake. Tatizo lilikuwa jinsi ya kufika huko.

Bei ya kuvuka bahari

Wakenya wachache walikuwa wametangulia. Peter Mbiyu Koinange alikwenda Marekani mwaka wa 1927, enzi ambazo safari ilikuwa ya meli na ilichukua majuma mengi. Julius Gikonyo Kiano alirejea mwaka wa 1956 akiwa na shahada ya uzamifu kutoka Chuo Kikuu cha California. Mifano hiyo iliwatia vijana wengi hamu, na barua za kuomba nafasi zikamiminika katika vyuo vya Marekani.

Aliyekubaliwa na chuo alifurahi kwa siku chache tu, kisha akaanza kukabiliana na ukweli. Serikali ya kikoloni ilitaka kuona ushahidi wa fedha kabla ya kumruhusu aondoke. Nauli peke yake ilizidi pato la mwaka mzima la jamaa ya kawaida. Wazazi waliuza mbuzi na ng'ombe, majirani wakafanya karamu za chai za kuchanga, makanisa yakapitisha vikapu. Mara nyingi mchango ulipotimia, muhula ulikuwa umekwisha kuanza na nafasi imepewa mwingine.

Wala hapakuwa na njia ya kutafuta tiketi ya bei nafuu kama wafanyavyo wasafiri wa leo, wanaolinganisha mashirika mengi kabla ya kulipa. Katika miaka ya 1950 nauli za safari za kimataifa zilipangwa kwa makubaliano ya mashirika ya ndege yenyewe, chini ya chama chao cha IATA. Msafiri akihama kutoka shirika moja hadi jingine alikuta bei ni ile ile. Hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kumpunguzia.

Njia moja tu iliyokuwa halali ya kukwepa bei hizo ilikuwa kukodi ndege nzima kwa kundi la watu wenye nia moja. Gharama ya kurusha ndege haitegemei sana idadi ya abiria. Mafuta ni yale yale, marubani ni wale wale, na ada za viwanja hazibadiliki. Kiti kikikaa kitupu ni hasara. Vikijaa vyote, kila abiria hubeba sehemu ndogo. Kwa mtu aliyekuwa amefundishwa na migomo nguvu ya wengi, wazo hilo halikuwa geni.

Mwanzoni Scheinman alikuwa amewalipia nauli wanafunzi wachache kutoka mfukoni mwake. Hata hivyo, mfuko wa mtu mmoja, hata awe tajiri, una mwisho. Ilibidi kazi ifanywe kwa mpango.

Ndege ya wanafunzi 81

Kufikia wakati huo Mboya hakuwa tena kiongozi wa wafanyakazi pekee. Machi 1957 alichaguliwa kuwakilisha Nairobi katika Baraza la Kutunga Sheria, katika uchaguzi wa kwanza ambapo Waafrika waliruhusiwa kuwapigia kura wajumbe wao. Desemba 1958, akiwa na umri wa miaka 28, aliongoza kikao cha mkutano mkuu wa watu wa Afrika yote mjini Accra, Ghana.

Aprili 1959 alirudi Marekani kwa ziara ya wiki kadhaa. Alizunguka miji na vyuo, akihutubia mara kadhaa kwa siku, na kila alikopita aliomba nafasi za masomo. Mjini Atlanta alipokelewa na Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Wamarekani weusi. Alipoondoka, alikuwa na orodha ndefu ya vyuo vilivyoahidi kuwachukua vijana wa Kenya.

Ili kutafuta nauli, Scheinman na wenzake waliunda taasisi ya kuwasaidia wanafunzi Waafrika nchini Marekani. Watu watatu mashuhuri, mchezaji wa besiboli Jackie Robinson, mwanamuziki Harry Belafonte na mwigizaji Sidney Poitier, walitia saini ombi la michango kwa umma. Maelfu ya Wamarekani wa kawaida waliitikia, wengi wao kwa dola chache chache. Haba na haba ikajaza kibaba.

Nairobi, Mboya, Kiano na Kariuki Njiiri, aliyekuwa amesoma Marekani pia, walifanya kazi ya kuwachuja waombaji. Waliangalia alama za mtihani, barua ya chuo na uwezo wa jamaa kuchangia. Idadi ya waliostahili ilizidi mno idadi ya viti.

Septemba 1959, ndege iliyokodiwa iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Umati wa wazazi, ndugu na marafiki ulifurika kuwaaga. Wengi wa wasafiri hao hawakuwa wamewahi kupanda ndege, na safari ilikuwa ndefu, yenye vituo vya kujaza mafuta njiani, kwa maana ndege za wakati huo hazingeweza kufika New York moja kwa moja. Ilichukua hadi Oktoba 2018 kwa shirika la Kenya Airways kuanzisha safari ya aina hiyo kati ya miji hiyo miwili.

Miongoni mwa abiria wa ndege hiyo ya 1959 alikuwemo Pamela Odede, aliyekwenda kusoma Ohio na ambaye Januari 1962 alifunga ndoa na Mboya. Barack Obama, baba wa rais wa 44 wa Marekani, hakuwemo, ingawa husemwa mara nyingi kwamba alikuwemo. Yeye alikwenda Hawaii mwaka huo huo kwa njia nyingine.

Siasa za nauli

Mafanikio hayo yalizua tatizo jipya. Mwaka uliofuata walioomba kusafiri walikuwa wengi zaidi, na wakati huu walitoka pia Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi za kusini kama Nyasaland na Rhodesia. Ndege moja haingetosha. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliombwa msaada ikakataa, huku maafisa wa Uingereza wakiendelea kudai kuwa vyuo vya Marekani vilikuwa duni na kwamba wanafunzi hawakuteuliwa vizuri.

Julai 26, 1960, Mboya alikwenda nyumbani kwa Seneta John F. Kennedy huko Hyannis Port, Massachusetts. Kennedy alikuwa ameteuliwa siku chache tu kabla ya hapo kuwania urais kwa tiketi ya chama cha Democratic, na pia aliongoza kamati ndogo ya Seneti kuhusu Afrika. Baada ya mazungumzo, wakfu wa jamaa ya Kennedy ulikubali kutoa dola 100,000 kwa ajili ya nauli za wanafunzi.

Habari zilipofika kambi ya mpinzani wake, Makamu wa Rais Richard Nixon, serikali iliyokuwa imekataa ikageuka ghafla na kutoa ahadi ya kiasi kama hicho. Taasisi ya wanafunzi ilibaki na ahadi ya Kennedy. Katika Seneti kulizuka majibizano makali, na kwa siku kadhaa nauli ya vijana kutoka Kilungu, Nyeri, Kisumu na Kampala ikawa suala la uchaguzi wa Marekani.

Septemba 1960 wanafunzi karibu 300 walisafirishwa. Mmoja wao alikuwa msichana kutoka Nyeri, Wangari, aliyekwenda kusoma biolojia katika chuo kimoja kidogo huko Atchison, Kansas. Baadaye, kwa jina la Wangari Maathai, aliunda vuguvugu la kupanda miti na mwaka wa 2004 akawa mwanamke Mwafrika wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Kufikia 1963, mwaka wa uhuru, karibu wanafunzi 800 walikuwa wamefaidika na mpango huo.

Si kwamba mambo yalikwenda shwari. Ndege ilimfikisha mwanafunzi Marekani, lakini haikumlipia chakula, malazi wala makoti ya majira ya baridi. Wengi walipewa msamaha wa sehemu tu ya karo, wakalazimika kuosha vyombo mikahawani na kufagia mabweni usiku ili waendelee na masomo. Katika majimbo ya kusini walikutana na ubaguzi wa rangi uliowakumbusha waliouacha nyumbani.

Zaidi ya hayo, nauli ilikuwa ya kwenda tu. Ambaye mzazi wake aliaga dunia hakuweza kuja kumzika. Maathai mwenyewe alirejea Kenya Januari 1966, zaidi ya miaka mitano baada ya kuondoka.

Mboya naye alilipa kwa upande wake. Urafiki wake na Wamarekani ulimletea lawama kwamba alikuwa kibaraka wao. Oginga Odinga, mpinzani wake mkuu, aliwatafutia vijana wengine nafasi katika Muungano wa Usovieti na nchi nyingine za Mashariki, hata nauli ikawa sehemu ya vita baridi. Baadhi ya waliorudi kutoka Mashariki walilalamika kwamba vyeti vyao havikuheshimiwa sawa na vya wenzao. Uhasama kati ya viongozi hao wawili ulifikia kilele mwaka wa 1966, Odinga alipojiondoa katika chama tawala cha KANU, ambacho Mboya alikuwa katibu mkuu wake.

Mavuno na kifo

Baada ya uhuru, wengi wa waliosafiri walirudi na kushika nyadhifa zilizoachwa na Waingereza. Waliingia wizarani, vyuoni, hospitalini, katika mabenki na katika hifadhi za wanyama. Mboya mwenyewe, ambaye hakuwahi kumaliza shahada ya chuo kikuu, alikuwa Waziri wa Kazi, kisha wa Haki na Masuala ya Katiba, na hatimaye wa Mipango na Ustawi wa Uchumi. Katika wizara hiyo ya mwisho alizungukwa na wachumi vijana, na waraka wa serikali nambari 10 wa mwaka wa 1965, uliofafanua sera ya uchumi wa Kenya, unahusishwa naye kuliko mtu mwingine yeyote.

Jumamosi ya Julai 5, 1969, muda mfupi baada ya kurejea kutoka Ethiopia kwa shughuli za kikazi, alipitia duka la dawa katika barabara ya Government, ambayo leo ni Moi Avenue. Alipotoka nje alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alipatikana na hatia ya mauaji hayo na kunyongwa mwaka huo huo, lakini swali la iwapo alitumwa na nani halijapata jibu lililoridhisha umma.

Kifo chake kilizua ghasia na kuacha mpasuko katika siasa za nchi ambao ulichukua miaka mingi kuonekana ukipungua. Alizikwa katika kisiwa cha Rusinga, nyumbani kwa wazazi wake, mbali na mashamba ya mkonge alikozaliwa. Sanamu yake ilizinduliwa mwaka wa 2011 kando ya barabara alimouawa.

Katika Machakos na kwingineko nchini, jamaa bado hukusanyika na kufanya harambee mtoto wao anapopata nafasi ya kusoma ng'ambo. Tiketi sasa hununuliwa kwa simu na mashirika ya ndege hushindana kwa bei, ila kwa mkulima wa maharagwe wa Mwala au Yatta nauli hiyo ingali mlima. Wanaochanga hufahamu jambo ambalo mtoto wa mnyapara wa Kilima Mbogo alilijua tangu alipoacha shule kwa kukosa fedha: akili ya mtoto inaweza kuvuka mtihani wowote na bado ikakwama uwanja wa ndege, kama hakuna wengi walio tayari kugawana bei ya kiti kimoja.